Paswadi za mafundi ziko kwenye daftari langu

Barua ya wazi kwa wakuu wa ujenzi, wa mafunzo ya ufundi na wa huduma za mtandaoni, katika Kaunti ya Mombasa na Serikali Kuu

Waheshimiwa,

Baada ya salamu. Mimi nina saiba ndogo Mwandoni, Kisauni: kompyuta nne, mashine moja ya kuprinti, na benchi ya mbao nje ambayo seremala mmoja alinitengenezea badala ya kunilipa deni. Kwenye droo ya meza yangu mna daftari la kurasa mia mbili, jalada limechanika, na ndilo lililonifanya niwaandikie.

Mkilifungua mtaona majina ya watu wanaojenga Nyali, Bamburi na Shanzu. Mwashi, fundi wa nondo, mpiga lipu, fundi bomba, fundi wa stima, na wanawake wachache wanaobeba karai. Mbele ya kila jina mna namba ya kitambulisho, namba ya simu, anwani ya barua pepe niliyoitunga mimi, na paswadi niliyoitunga mimi. Wenyewe hawaikumbuki. Kuna wasiojua hata kwamba wana barua pepe.

Sikuwaibia. Waliniachia. Fundi akitoka kazini, saruji imemganda miguuni, hutegemea mlango na kuniambia: "Mwanangu, hebu nifungulie ile yangu." Ile yake ni akaunti ya serikali. Naifungua, najaza, naprinti, ananilipa shilingi mia mbili au mia tatu, anakwenda zake. Kazi ya dakika kumi. Mwezi ukiwa mzuri, kodi ya duka hili hulipwa na mafundi. Mwamba ngoma ngozi huivuta kwake, na mimi nimeivuta miaka mingi, kwa hivyo msidhani naandika nikiwa mtakatifu.

Tatizo lilianza kunikosesha usingizi pale kijana mmoja mwenye saiba kama yangu, si mbali na hapa, alipofunga duka akarudi kwao bara. Mafundi wake walikuja kwangu mmoja mmoja. Akaunti zote alizifungua kwa barua pepe yake mwenyewe na laini yake mwenyewe ya simu, ili asisumbuke kuwatafuta wateja kila namba ya kuthibitisha inapotumwa. Laini ikazimwa. Wazee wale walikuwa na vitambulisho halali mfukoni, vidole vyao kumi, nyuso zao, na hawakuweza kuthibitisha kuwa wao ndio wao. Mmoja alikosa kazi ya miezi minne kwa sababu mkandarasi alitaka cheti, na cheti kilikuwa ndani ya akaunti ambayo hakuna aliyeweza kuifungua.

Nikatazama droo yangu. Nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019. Nimeisoma, na kwa ninavyoielewa, daftari langu halina pa kujificha.

Sasa nije kwenu. Sheria ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi ya mwaka 2011 ilitaka mafundi na wasimamizi wa saiti watambuliwe rasmi. Jambo jema kabisa. Nani anataka nyumba iliyosimamishwa na mtu aliyeshika mwiko jana? Kisha Juni 2023 ikazinduliwa Gava Mkononi, huduma 5,000 zikaingia mtandaoni, na malipo yakaelekezwa kwenye namba moja. Hilo nalo silipingi, foleni za zamani nazikumbuka. Ila naomba niulize: mkononi mwa nani? Kwa mafundi wa Mwandoni, gava iko mkononi mwangu mimi. Mlihamisha mlango mkasahau kuonyesha watu ulikohamia, na sasa mimi ndiye bawabu.

Najua mtakachosema, maana nimekisikia kwenye redio mara nyingi: mafundi wetu hawajui teknolojia, wengi hawakusoma, wengine ni wazee. Hapo tukosane kidogo.

M-Pesa ilianza 2007. Fundi anayeniambia "mimi haya mambo ya kompyuta sijui" huyo huyo, Jumamosi akishalipwa, huwa ametuma pesa Kaloleni kwa mkewe, amelipa ada ya mtoto kwa namba ya shule, amekopa na kurudisha deni, yote kabla hajafika kwake. Akikatwa shilingi tano zaidi atajua, na atapiga simu kuuliza. Jirani yangu anamjengea mtu aliye Doha. Mwenye nyumba hajakanyaga kiwanja hicho tangu msingi uchimbwe; kila jioni fundi anazunguka na simu, anamwonyesha lenta, anamwonyesha mifuko ya saruji iliyobaki, anamtumia sauti kumweleza kwa nini kokoto zimekwisha mapema. Huyo anaendesha saiti nzima kupitia WhatsApp. Mwiteni vyote, lakini msimwite mtu asiyejua teknolojia.

Kwa nini basi M-Pesa aliijua, na mfumo wenu haujui? Mimi nimekaa kati ya fundi na kompyuta kwa muda wa kutosha kuwa na jibu. M-Pesa ilifanya kazi kwenye simu ya mulika mwizi. Ilizungumza Kiswahili. Kila kona palikuwa na wakala mwenye subira ya kumwelekeza mzee bonyeza hapa, sasa weka namba ya siri, usinionyeshe. Hilo la "usinionyeshe" ndilo kubwa: tangu siku ya kwanza mtu alifundishwa kwamba namba ya siri ni yake. Na ukimaliza, pesa imefika, unaiona. Mifumo ya usajili imekuja kwa Kiingereza, inataka barua pepe, inataka picha ya cheti isiyozidi ukubwa fulani, inataka skrini kubwa, na ukimaliza unaambiwa ombi lako linashughulikiwa. Fomu moja niliyoijaza juzi ilitaka fundi achague kazi yake kwenye orodha, na achague moja tu. Mzee niliyekuwa namjazia anajenga, anapiga lipu, anapanga vigae na anajua kuchoma chokaa ya matumbawe, ile iliyojengea nyumba za Mji wa Kale. Akaniuliza, "Niandike lipi, mwanangu?" Nikamwandikia moja. Hayo mengine serikali haijui kama anayajua.

Nataka niwaeleze pia kuhusu baba yangu, kwa sababu pengo hili nililielewa vizuri zaidi kwake kuliko dukani.

Baba ni mwashi, ameshika mwiko tangu kabla sijazaliwa. Kusawazisha msingi alitumia mpira wa maji: mpira mweupe unajazwa maji, ncha moja anashika huyu, nyingine anashika yule pembe ya pili, maji yakitulia mnapiga alama. Maji hayamwogopi mtu, husema. Mwaka juzi kwenye saiti moja alikuta kifaa cha leza kimesimama juu ya miguu mitatu, kinatupa mstari mwekundu ukutani pande zote. Hakuna aliyemweleza ni nini. Kijana aliyekileta alimwambia neno moja tu: "Mzee, usiguse." Mtu aliyefundisha nusu ya waashi wa mtaa huu akashinda siku hiyo akisogeza mawe kama kibarua wa siku ya kwanza.

Aliporudi jioni hakusema kitu hadi tulipomaliza kula. Kisha akaniomba nimtafutie "ile taa". Nikapata video ya dakika sita, kwa Kiingereza, nikawa namtafsiria. Aliuliza maswali mawili: ule mstari unajuaje kuwa umelala sawa, na mashine ikianguka, nani anaipima mashine? La kwanza nilikuta jibu lake: ndani ya nyingi ya leza hizo mna kitu kinaning'inia kwa uzito wake, ndicho kinachoulaza mstari. Baba akacheka hadi akakohoa. "Kumbe ni timazi!" La pili alilijibu mwenyewe. Kesho yake aliwahi saiti kabla ya yule kijana, akaipima leza kwa mpira wa maji. Ilikuwa sawa. Toka siku hiyo anaitumia, na kila baada ya siku kadhaa anairudia kwa mpira, jambo ambalo kijana hakuwahi kulifikiria.

Dakika sita, waheshimiwa. Huo ndio upana wa pengo lenyewe. Ila dakika hizo zilihitaji mtu wa kutafsiri, na zilihitaji mzee asiambiwe usiguse.

Lakini lipo pengo linalouma zaidi ya aibu. Kwenye saiti nyingine, fundi wa nondo ambaye jina lake limo daftarini alifunga ringi za nguzo kwa kufuata ramani ya karatasi iliyobandikwa kwenye kibanda: ringi kila milimita 200. Mhandisi alikuwa ameshabadilisha, ziwe kila milimita 150. Ramani mpya ilitumwa kwenye kundi la WhatsApp la wahandisi na wasimamizi. Fundi hakuwemo kwenye kundi hilo. Nyapara alikuwemo, lakini bando lilikuwa limemwishia. Bahati nzuri mhandisi alipita kukagua kabla zege halijamwagwa. Kazi ya siku mbili ikafumuliwa, waya wote ukakatwa, na aliyekatwa mshahara ni fundi, kwa kosa la kufuata ramani aliyopewa. Sasa jiulizeni ingekuwaje kama mhandisi asingepita siku ile. Nguzo ikishavaa zege haionyeshi ringi zake.

Na ile mashine ya kidole. Saruji mbichi ni kali, hula ngozi polepole, na mwashi wa miaka thelathini vidole vyake ni laini kama kigae. Saiti moja ilifunga mashine ya kuwasajili wafanyakazi asubuhi kwa kidole. Vijana wa ofisini iliwatambua wote, waashi wazee ikawakataa, na waliokataliwa wakaandikwa hawakufika. Wamekuja, wamefanya kazi, wametoka jasho, na mashine inasema hawakuwepo. Kwa muda wa wiki mbili baba alikuwa akipaka mafuta ya nazi vidoleni usiku. Nyapara wake alikuwa na akili: akarudisha daftari la sahihi pembeni ya mashine, mambo yakatulia. Suluhisho lilikuwa kalamu.

Miradi mikubwa imepita mji huu. Awamu ya kwanza ya kituo kipya cha makontena bandarini ilikamilika 2016, reli ya kisasa ya SGR ikafunguliwa Mei 2017, daraja jipya la Makupa likafunguliwa 2022, na sasa macho yako kwenye ukanda maalumu wa kiuchumi wa Dongo Kundu. Vijana wetu walifanya kazi humo. Wangapi walitoka wakijua kusoma ramani kwenye tableti, au kushika mashine ya kupimia ya sorveya? Nimewauliza wanaokaa kwenye benchi yangu. Walibeba miguu ya mashine hizo. Kuzitazama kwa jicho hawakupewa. Na dunia haisubiri: Uingereza tangu Aprili 2016 miradi ya Serikali Kuu hutakiwa kuchorwa na kuendeshwa kwa mifumo ambamo jengo zima hukaa ndani ya kompyuta, bomba na nyaya na yote, kabla jiwe la kwanza halijawekwa. Hayo yakifika hapa kwa kasi, tutaletewa na watu wa kuyaendesha kutoka nje, na fundi wetu atabaki na karai.

Ninachoomba si semina. Naomba niliseme hili wazi maana najua mkono wa kwanza utakwenda huko: hoteli ya ufukweni, bango lenye nembo sita, soda na soseji, washiriki ni maofisa, na fundi mmoja amealikwa ili apigwe picha. Fundi akiacha kazi siku moja hakuna anayemlipa siku hiyo. Mafunzo yasiyomfuata saiti hayatampata.

Mfuateni huko. Saa ya chakula cha mchana watu hukaa chini ya kivuli nusu saa nzima, simu mkononi, wakitazama mpira. Nusu saa moja kwa wiki, kwa Kiswahili, kwenye simu zao wenyewe: leo namna ya kufungua ramani na kuikuza, kusoma tarehe yake na kujua kama ni mpya, wiki ijayo namna ya kupiga picha ya kazi na kuihifadhi kama ushahidi wakati wa kudai malipo, nyingine, leza. Wafundishaji wapo. Mji huu una Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, una kituo cha Mamlaka ya Mafunzo ya Viwandani, na wanafunzi wanaotafuta mahali pa kufanyia mazoezi. Mwanafunzi amfundishe mzee tableti, mzee amfundishe mwanafunzi kwa nini ukuta ule utapasuka. Sioni nani atakayepata hasara.

Pesa? Mwajiri hutozwa shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi kama tozo ya mafunzo ya viwandani. Saiti yenye watu 200 hiyo ni shilingi 10,000 kwa mwezi, 120,000 kwa mwaka, ikiwa wote wamehesabiwa. Hapo ndipo penye swali langu: kibarua anayelipwa kwa siku, anahesabiwa wapi? Na aliyehesabiwa, mafunzo yake yalifanyika lini? Tozo ya nyumba nayo ni asilimia 1.5 ya mshahara tangu sheria ya 2024, na nyumba zinazojengwa kwa pesa hizo zinajengwa na watu hawa hawa. Andikeni ndani ya kandarasi, kwenye kila mradi wa pesa za umma, kwamba mkandarasi atafundisha idadi fulani ya mafundi wa hapa, na asilipwe malipo ya mwisho hadi mafundi wenyewe wathibitishe. Mkandarasi hujali kile anachodaiwa kabla ya hundi.

Kuhusu usajili, leteni meza. Meza na viti vinne, Jumamosi alasiri baada ya malipo, leo Mwandoni, wiki ijayo Magongo, halafu Likoni. Kwenda ofisini mjini siku ya kazi ni kupoteza kibarua, ndiyo maana wanakuja kwangu usiku. Mezani hapo kila fundi afunguliwe barua pepe kwa laini yake, aandike paswadi yake kwa mkono wake, na karani ageuze uso kama wakala wa M-Pesa. Wasio na simu kubwa wapeni njia ya namba fupi. Kwenye bima ya afya mmeweza, mtu anajisajili kwa *147# kwa mulika mwizi, basi ufundi utashindikana vipi? Serikali imeahidi vituo vya kidijitali 1,450, kimoja kila wadi, na Mombasa ina wadi 30. Kila nikisikia vikitajwa, anayetajwa ni kijana wa kuandika na kutafsiri mtandaoni. Wekeni na saa za jioni kwa mtu mwenye saruji miguuni, na msimfukuze kwa sababu atachafua kiti.

Mwenye ujuzi asiye na karatasi apimwe kwa mikono. Mpango wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini umeshaanza nchini, nami naufuatilia kwa hamu kubwa, lakini ukija kama fomu nyingine ya Kiingereza mtandaoni utaishia kwenye daftari langu kama mengine. Mpeni mzee mwiko, mawe na saa tatu. Mtajua.

Na lile la ramani halihitaji pesa kabisa. Ubao mmoja langoni mwa kila saiti, juu yake ramani ya mwisho na tarehe yake kwa herufi kubwa, na zege lisimwagwe hadi fundi aliyefunga nondo atie sahihi kwamba ameiona. Kundi la WhatsApp liendelee, lakini aliyeshika koleo ya waya awe ndani yake.

Mkikubali, mimi nitakosa hela. Nimeshapiga hesabu na si ndogo. Baba ameniambia nitaanza kuprinti ramani, naye atanitafutia wateja.

Siku mtakapoleta hiyo meza Mwandoni nitakuja na daftari. Kila aliye humo abadilishe paswadi yake mbele yangu, nikiwa nimegeuka upande wa barabara, nami nichane ukurasa wake nimpe mkononi.

Wenu,
Mwenye saiba, Mwandoni, Kisauni